Zorki yenye madoa, Yashica isiyo na betri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Chumbageni, Tanga. Marehemu babu aliniachia kamera ya Zorki 4 yenye lenzi ya Jupiter-8. Nimepiga mikanda miwili, na picha nyingi zina vidoa vyeupe vinavyokaa pale pale. Za karibu zinatoka na ukungu, ingawa nikichungulia naona zile taswira mbili zimelaliana sawasawa. Jirani ananiuzia Yashica Electro 35 GSN, safi kwa macho ila haina betri. Mwingine ana Leica anayosema iliachwa na askari wa Kijerumani. Niachane na ya babu? Na nifanyeje ili isiliwe na kuvu kama lenzi nyingi za hapa pwani?

JIBU: Marahaba. Usinunue kitu bado. Madoa ya Zorki yako unaweza kuyaona kwa tochi ya simu na kuyaziba kwa brashi. Ubovu wa Yashica isiyo na betri hutauona mpaka umekwisha kutoa hela. Kwa kamera hizi za kipima umbali (zile zinazokuonyesha taswira mbili ili uzilaze pamoja kupata fokasi), ambazo fundi wake si wa kumpata kila mtaa, nunua ile ambayo unaweza kuusaka ubovu wake mwenyewe.

Tuanze na vidoa. Zorki 4 ilianza kutoka kiwanda cha KMZ, Krasnogorsk, karibu na Moscow, mwaka 1956. Shata yake ni mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, yanayokimbia kwa ulalo mbele ya filamu. Kati ya lenzi na pazia hakuna kioo cha kukinga, tofauti na zile kamera zinazochungulia kupitia lenzi. Kwa hiyo ukiiacha kamera mezani, lenzi wazi, imeelekea jua la saa sita la Tanga, lenzi inafanya kazi ile ile ya kioo cha kukuzia ambacho watoto huchomea karatasi. Sekunde chache zinatosha kutoboa pazia. Tundu hilo linapitisha mwanga muda wote filamu imekaa nyuma yake, na kwa kuwa pazia husimama mahali pamoja kila ukivuta, doa nalo linarudi pale pale. Kwenye negativu (filamu yenyewe iliyosafishwa) ni jeusi, kwenye picha linakuwa jeupe.

Kabla ya kulaumu pazia, weka negativu juu ya mwanga uangalie mambo mawili. Ikiwa weusi umevuka mpaka wa fremu ukaingia kwenye matundu ya pembeni mwa filamu, mwanga unaingilia mgongoni mwa kamera, pazia halina kosa. Na ikiwa vidoa vinahamahama kutoka picha hadi picha, na kwenye negativu huoni kitu cheusi, hilo ni vumbi la wakati wa kusafisha au kuskani.

Kama ni pazia, mtafute mhalifu hivi. Toa filamu. Fungulia lenzi uitoe. Geuza zile funguo mbili za chini, uvute mgongo wote utoke. Ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu usoni mwa kamera pale lenzi ilipokaa, uchungulie kutoka nyuma, ukiisogeza tochi polepole kutoka kona hadi kona. Matundu yataonekana kama nyota. Halafu vuta shata uangalie tena, na hatua hii usiiruke: kabla ya kuvuta linaloziba ni pazia la pili, baada ya kuvuta ni la kwanza. Wengi hukagua mara moja tu, wakaziba nusu ya matundu, kisha wakashangaa madoa hayaishi.

Matundu mawili matatu, hata saba, yanazibika. Tumia rangi nyeusi ya maji ya kuchapia fulana, ile inayonyumbuka ikikauka. Ilegeze kwa matone machache ya maji, chukua brashi nyembamba kabisa, uguse tundu na milimita moja au mbili za pembeni yake, kutokea nyuma ambako mkono unafika vizuri. Tabaka la kwanza liwe jembamba. Acha likauke saa tatu, ongeza la pili, kisha acha kamera saa 24 bila kuvuta wala kufyatua. Pazia likijikunja na rangi mbichi linagandamana na roli yake, na hapo utakuwa umejitafutia kazi kubwa kuliko ya mwanzo. Ikishakauka, gusa kwa poda kidogo ya talki kwenye ncha ya brashi kavu, upulize yote itoke. Ndipo uvute shata, pazia jingine lije, ufanye vivyo hivyo.

Rangi ya kucha usiiguse. Inakauka ngumu, inapasuka pazia linapojikunja, na vipande vyake vinaangukia ndani. Dawa ya viatu haikauki kabisa. Na rangi nzito ya aina yoyote inaongeza uzito upande mmoja, pazia linakimbia kwa kuburuza, ukapata picha ambayo upande mmoja ni mweusi kuliko mwingine. Ukiona kitambaa kimejaa mistari ya nyufa kama tope lililokauka, usipoteze rangi. Hapo dawa ni kubadilisha mapazia yote mawili, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Fundi saa mzuri anaiweza akipata kitambaa chenyewe.

Baada ya kuziba, pima mwendo. Kama nyumbani bado kuna televisheni ya chogo, iwashe, simama mbele yake ukiwa umetoa lenzi na mgongo, weka spidi ya 1/500 ya sekunde, ufyatue huku unachungulia kutoka nyuma. Jicho litashika mshazari wa mwanga. Upana wake uwe ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukianza mpana ukaisha mwembamba, pazia moja linalifukuza jingine. Kwa spidi za polepole tumia simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde: 1/30 ionekane wazi kama fremu 8, na 1/60 kama 4. Pungufu au zaidi kidogo haina neno. Ile 1/1000 ya Zorki usiitegemee sana hata kamera ikiwa nzima.

Na kuna sheria moja ya Zorki ambayo huenda babu aliijua na hakupata nafasi ya kukuambia: vuta kwanza, ndipo ubadilishe spidi. Ukizungusha kitufe cha spidi kabla ya kuvuta, pini ya ndani haiko mahali pake. Utaweka spidi ya uongo, na ukilazimisha utavunja.

Sasa fokasi. Chungulia, ushike kijiwiko kilicho chini ya kitufe cha kurudishia filamu, ukisogeze taratibu. Hicho kinarekebisha kioo cha jicho, kama miwani. Kisipokaa sawa na jicho lako, utaona taswira mbili zimelaliana kumbe bado, kwa sababu zote mbili zimefifia. Wengi wanaosema kipima umbali kimeharibika hawajawahi kukigusa.

Hatua ya pili ni mbali kabisa. Nenda ufukweni, weka lenzi mwisho kwenye alama ya ∞, elekeza mlingoti wa meli iliyotia nanga nje, au mnazi uliosimama peke yake ng'ambo ya maji upande wa Kisiwa cha Toten. Kitu kiwe cha wima na kiwe mamia ya mita. Taswira mbili zinapaswa kuwa moja. Zikiachana kushoto na kulia, usoni mwa kamera, karibu na madirisha, kuna skrubu ndogo ya kuziba. Itoe, ndani yake iko ya kurekebishia. Robo ya mzunguko ni nyingi, nenda kidogo kidogo. Zikiachana juu na chini, tatizo liko kwenye kile kidirisha kidogo cha mviringo: fungua pete yake ya nje, uzungushe kioo cha ndani mpaka zilingane. Bisibisi iwe inajaa kwenye mfereji wa skrubu. Iliyo ndogo itakula shaba.

Hatua ya tatu ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa sababu kipima umbali kinaweza kusema kweli na lenzi ikasema uongo. Toa mgongo, tandaza utepe wa gundi wenye weupe wa ukungu, ule usio wa kung'aa, juu ya reli mbili za ndani ambako filamu hulala. Uvutwe, usilegee. Weka shata kwenye B (spidi inayoiacha wazi muda wote kitufe kimebonyezwa), uifungie wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kufuli, fungua lenzi hadi f/2, yaani tundu lake la mwanga liwe kubwa kabisa (namba ya f ikipanda, tundu linapungua). Weka gazeti kwa mshazari umbali wa mita 1, ulenge mstari mmoja kwa kipima umbali, kisha tazama kwenye utepe kwa kioo cha kukuzia ni mstari gani umekaza. Ukiwa ni ule ule, kamera ni nzima na anayetikisika ni mpigaji. Usijione mnyonge: lenzi ya milimita 50 kwa f/2 na mita 1 ina kina cha fokasi cha sentimita 4 na nusu tu. Mtu akipumua kwa nguvu ameshatoka humo. Kwa nyuso za karibu funga hadi f/4, upate kama sentimita 9.

Ukiwa ni mstari mwingine, rudia jaribio kwa kitu cha mbali. Ikiwa hata mbali utepe unaonyesha ukungu wakati lenzi iko kwenye ∞, kuna mtu aliwahi kuifungua Jupiter-8 hiyo kuisafisha, akairudisha bila washa yake. Kati ya mwili wa vioo na pete ya nje huwa kuna washa nyembamba ya chuma, na unene wake ndio unaopanga lenzi ikae umbali gani kutoka kwenye filamu. Washa ya karatasi ngumu inaweza kukatwa kwa kujaribu, ukipima kwenye utepe kila mara. Usikunje kile kiulimi cha chuma ndani ya mdomo wa lenzi kinachosukumwa na lenzi; ukikipinda, mbali na karibu havitapatana tena.

Jambo jingine la Jupiter-8: pete ya tundu la mwanga haina vituo, na kuizungusha kunaweza kusogeza fokasi. Panga tundu kwanza, fokasi ije mwisho.

Kuhusu Yashica ya jirani, sitaisema vibaya. Electro 35 ilianza 1966, na GSN ni toleo la 1973. Lenzi yake ya milimita 45, f/1.7, ni kali kweli, na shata yake iko ndani ya lenzi, ni ya vipande vya chuma, kwa hiyo jua haliichomi. Lakini muda wa shata unapangwa na umeme. Bila betri inafyatua 1/500 tu, hivyo jirani akikufyatulia ukasikia "tik" safi, hujajua lolote.

Mwambie akusubiri siku mbili, ulete betri. Ya asili ilikuwa ya zebaki, volti 5.6, na siku hizi haitengenezwi. Inayofaa ni 4LR44 ya volti 6. Ni nyembamba na fupi kuliko ya zamani: izungushie karatasi ngumu ijae, na nafasi inayobaki ijaze kwa springi. Tofauti ya volti hutaiona kwenye negativu. Kabla ya kuiingiza, chungulia chumba cha betri. Ukungu wa kijani au mweupe juu ya vyuma unasuguliwa kwa kijiti cha pamba chenye siki, kisha kwa kilichoguswa maji, kisha kikavu; lakini kama waya ulioshikana hapo umeoza, unahitaji kuchomelewa, na hapo fundi simu yeyote anatosha.

Betri ikiwa ndani, bonyeza kitufe cha kupimia: taa ya kijani iwake. Ukiminya kitufe cha kufyatulia nusu ndani ya chumba chenye giza, taa ya njano iwake. Ukielekeza nje juani na tundu la f/1.7, iwake nyekundu. Sasa sikiliza mkono wa kuvutia filamu. Electro nzima, ukivuta, inatoa "koch" nzito kidogo kutoka ndani. Ikivuta kimya, kipande kidogo cha mpira ndani yake kimeoza kikayeyuka. Hiki ndicho kifo cha kawaida cha Electro: taa zinaweza kuwaka vizuri, lakini muda wa shata unakuwa wa kubahatisha. Kukibadilisha kunahitaji kufungua kofia ya juu na uso wa lenzi. Kwa anayeanza, Yashica isiyolia ni ya kuachia. Inayolia na taa zote zikawaka, chukua, itakufaa sana arusini na jioni.

Kuvu sasa. Kamera hailiwi na kuvu kwa uchafu peke yake, kinachowaleta ni unyevu. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 kwa siku nyingi, na lenzi ikawa gizani bila hewa, inaota. Pwani yetu masika inafika huko bila kuombwa. Mahali pabaya kuliko pote ni ule mkoba wa ngozi uliokuja na kamera: ngozi inafyonza unyevu na kuukumbatisha lenzi. Mkoba uning'inize ukutani kama pambo, kamera iwekwe kwingine.

Nunua boksi la plastiki la lita 5 lenye mpira kwenye mfuniko, weka gramu 100 hadi 150 za silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikishuka chini ya 30 punguza silika, maana ngozi na gundi vinakauka kupita kiasi. Chukua silika ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani ikishiba; ya bluu inayogeuka waridi ina kobalti, isikaribie vyombo vya jikoni. Ikishiba, ikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Mchele hautoshi, na unaleta vumbi la wanga ambalo kuvu wanalipenda. Kila wiki mbili itoe kamera, ifyatue mara kumi kwa spidi tofauti, na irudi bila kuvutwa, springi zipumzike.

Kuvu walioko tayari wanaonekana kama uzi wa buibui ukimulika tochi kwa pembeni. Kwenye kioo cha nje, changanya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa na amonia ya kusafishia nyumba, kiasi sawa, kidogo tu kwenye kifuniko cha chupa, dirisha likiwa wazi. Futa kwa kijiti cha pamba, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha spiriti safi. Alama ikibaki, kuvu wameshakula rangi ya juu ya kioo na hairudi. Ikiwa ndogo, kwenye picha hutaiona. Kuianika lenzi juani ili kuvu wafe ni ushauri unaosikika sana, ila joto linayeyusha grisi ya ndani ikashuka kwenye vipande vya tundu, na kuvu waliokufa wanabaki pale pale wakionekana.

Ukitoka ofisi yenye kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa kwa nusu saa, la sivyo umande utatanda juu ya vioo na mwingine ndani. Ukirudi kutoka ufukweni Deep Sea au Raskazone, ifute yote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Chumvi haionekani mpaka skrubu imeshika kutu.

Kwa kuwa Zorki haina kipima mwanga, tumia filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) mchana, spidi 1/125 (au 1/100 kama yako ina spidi za zamani), na tundu f/16 juani pakiwa na mchanga au kuta nyeupe, f/11 mitaa ya kawaida ya Ngamiani. Uso wa mtu chini ya kofia saa saba mchana hauko juani hata kama yeye yuko: fungua hadi f/5.6. Chini ya mwembe f/4, barazani f/2.8 na 1/60. Filamu ya negativu inasamehe mwanga ukizidi mara mbili, ukipungua haisamehi, kwa hiyo ukisita fungua zaidi. Sokoni usihangaike na kipima umbali. Weka f/11 na mita 4, kila kilichoko kati ya mita 2.6 na 8.4 kitakaa. Na kila ukivuta, tazama kitufe cha kurudishia filamu: kisipozunguka, filamu haijashika, na utapiga picha 36 za hewa.

Kifuniko cha lenzi kikipotea, tembea na tundu limefungwa f/16 na fokasi iko mita 1. Jua likiingia halitakusanyika kwa ukali ule ule.

Hiyo Leica ya askari wa Kijerumani hesabu zake hazikubali. Vita ya kwanza iliwatoa Wajerumani Tanga mwaka 1916. Leica ya kwanza iliingia sokoni 1925, na yenye kipima umbali ndani yake ilikuja 1932. Kamera nyingi za hadithi hiyo, hasa zenye dhahabu, mbao au nembo za kijeshi, ni FED (nazo za Kisovieti) na Zorki za kwanza zilizochongwa jina upya. Mwombe afungue lenzi, uchungulie juu ndani ya mdomo: Leica ina kigurudumu cha mviringo kinachosukumwa na lenzi, wakati za Kisovieti kwa kawaida zina ulimi bapa kama ule wa Zorki yako. Ukikuta ulimi, mpe bei ya FED. Akikubali ichukue, maana mdomo wake ni wa milimita 39 na Jupiter-8 ya babu itaingia. Ukishaifunga, lipige picha lile gazeti la mshazari kwenye filamu ya kujaribia, maana mgongo wa kamera hizo za kwanza hautoki.